Waya Uliopita Chumba cha Bi Harusi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kabla sijakaa. Nilikuwa nimevaa bangili za mama yangu mikono yote miwili, maana nilidhani ofisi ya simu ni mahali pa kwenda kupendeza. Msimamizi wa Swichibodi, mama mnene aliyefunga miwani yake kwa uzi, alinitazama mikono akasema, "Vua hizo. Hapa kinacholia ni simu tu." Nikavua. Ndivyo nilivyoanza kazi ya kuunganisha watu hapa Bagamoyo, na niliifanya kwa sura hii au ile mpaka nilipostaafu.

Nyinyi mnaosoma haya mkiwa na simu mfukoni, nawaombeni subira. Swichibodi ilikuwa ubao mkubwa wenye vitundu, kila kitundu na mteja wake. Mteja akizungusha mpini wa simu nyumbani kwake, kifuniko kidogo juu ya kitundu chake kilidondoka, nasi tukajua fulani anaita. Ulichomeka kamba ya kwanza kwake ukamwuliza anamtaka nani, kisha ukachomeka ya pili kwa anayetakiwa na kumpigia kengele. Mbele yako palikuwa na swichi ndogo ya kusikilizia. Ukiivuta unasikia, ukiirudisha husikii kitu.

Siku hiyo ya kwanza nilimuunganisha mwenye duka la vitambaa na nduguye wa Dar es Salaam, nikabaki nimeivuta swichi, nasikiliza habari za mgonjwa wao kana kwamba na mimi ni wa ukoo. Msimamizi hakugomba. Alinyoosha mkono akairudisha swichi yeye mwenyewe. "Mwanangu," alisema, "wakishasalimiana, wewe toka. Kazi yetu ni kuwakutanisha, si kukaa nao." Nililishika neno hilo. Nimewakutanisha watu na misiba yao, na wachumba wao, na wadeni wao, na sikujua walichosemezana. Watu mtaani hawakuniamini, walidhani nina siri za mji mzima kifuani.

Mitambo ya kujiendesha ilipoletwa, ambayo mteja alizungusha namba mwenyewe na mtambo ukamtafutia mtu wake, sisi wa swichibodi tulionekana mzigo. Wenzangu walipelekwa madirishani kuhudumia wateja. Mimi nilikwenda kwa Mhandisi wa Wilaya nikaomba kazi ya laini, yaani kuvuta na kutengeneza nyaya za nje. Alikuwa mtu wa bara, mpole, asiyependa kumvunja mtu moyo.

"Bi Tatu," alisema, "kazi ya laini ni nguzo."

"Najua, bwana mhandisi."

"Na nguzo hupandwa."

"Na mimi nina miguu."

Alicheka, akanipa muda wa majaribio. Nilishona suruali za khaki za kuvaa chini ya gauni. Mji ukanisema kwa wiki kadhaa, halafu ukachoka. Watu wetu husema kwa bidii, lakini hawasemi kwa muda mrefu.

Aliyenifundisha waya ni Fundi Mkuu, mzee wa Pangani, mwembamba, mwenye hasira fupi na kumbukumbu ndefu. Nilipangwa naye njia ya Miono. Siku moja laini ya zahanati ya huko ilikufa, nami nikaanza kukagua nguzo moja baada ya moja juani. Aliniacha nitembee mpaka nikachoka, ndipo akaniita.

"Unafanya nini?"

"Natafuta kosa."

"Hivyo utalitafuta mpaka uzeeke. Nenda katikati ya njia, upime. Nusu moja itakuwa nzima, iache. Nusu mbovu nayo igawe. Utalifikia kosa ukiwa bado na pumzi."

Njia hiyo tuliiita gawa nusu, na mpaka leo sijaona nyingine inayoishinda. Alikuwa na neno la pili alilopenda kulisema akiwa ameshika kikombe cha chai: "Kosa la kwanza ni la waya. Kosa la pili ni la fundi aliyetangulia." Alimaanisha kwamba kila anayejaribu kutengeneza huacha kitu amekisogeza, kwa hiyo ukifika mahali uliza nani amepita na amegusa nini. Hakuwa anawatukana mafundi wenzake. Alikuwa anajisema na yeye pia, na akirudi mahali alipowahi kufanya kazi alijiuliza hivyo hivyo kwa sauti.

Kutoka Miono nilihamishiwa njia ya Mlingotini, nikajuana na chumvi. Shaba ya pwani hugeuka kijani usipoipaka grisi, na maungio yaliyofungwa vizuri mwaka huu mwakani yanakatika ukiyagusa. Huko nilijifunza pia kwamba fundi wa pwani haanzi na koleo, anaanza na hodi. Unabisha, unasalimia wakubwa, unauliza hali, unapewa maji, ndipo unauliza waya umeingilia wapi. Na hapa uanamke wangu, uliokuwa hoja juu ya nguzo, uligeuka faida. Wenzangu wanaume waliishia barazani wakisubiri kuambiwa mambo ya ndani. Mimi nilipita mpaka uani, nikafuata waya kwa mkono.

Intaneti ilipofika, Meneja wa Kanda alitukusanya Dar es Salaam kwa mafunzo. Alikuwa mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Sisi wazee tulikaa nyuma kama wanaosubiri hukumu. Akatoa kipande cha kebo mfukoni, akakimenya mbele yetu, tukaona nyuzi nane zimesokotwa mbili mbili, kila jozi na rangi yake. "Msiogope," akasema. "Bado ni waya." Nilimpenda kwa neno hilo. Nikajifunza ruta, kile kisanduku kinachopokea intaneti kutoka nje na kuigawa ndani ya nyumba. Nikajifunza anwani, yaani namba ambayo ruta hukipa kila chombo kinachojiunga nayo ili kijulikane. Nikajifunza taa ndogo kwenye tundu la waya: ikiwaka, chombo na waya wameonana, isipowaka, usihangaike na mengine, rudi kwenye waya.

Nilistaafu kwa heshima, nikapewa saa ya ukutani ambayo husimama kila mvua ikinyesha. Mfuko wangu wa kazi sikuurudisha kabatini. Niliutundika nyuma ya mlango wa chumbani, na koleo, testa na vibanio vya kuungia vimo mpaka leo. Nilidhani hautatoka tena, mpaka ilipofika ndoa ya Zuhura.

Zuhura ni binti wa jirani yangu wa zamani, Bwana Khamis, ambaye yuko Maskati kikazi. Mkewe alifariki Zuhura akiwa bado hajaota meno. Khamis alimlea mwenyewe hapa mjini, akimsuka nywele vibaya mbele ya watu bila haya, na hakwenda ng'ambo mpaka binti alipomaliza masomo. Ndoa ikapangwa, tiketi ikanunuliwa, na siku chache kabla ya safari Khamis akaanguka ngazini akavunjika nyonga. Madaktari wakamkataza kusafiri.

Sasa, ndoa yetu inataka walii, naye ni baba. Baba akiwa mbali anaweza kumpa mtu mwingine uwakala wa kuozesha, lakini Shehe, ambaye alisoma chuo kimoja na Khamis utotoni, alisema uwakala huo anataka kuusikia na kumwona anayeutoa, maneno yote, bila kukatika. Walijaribu kwa simu ya mkononi. Nyumba yao ni ya mawe, kuta zake nene, na Ijumaa ile ya ndoa mtandao wa simu ulikuwa umeelemewa. Sauti ya Khamis ilikuja vipande vipande. Shehe akatikisa kichwa. Alisema akikosa kumsikia sawasawa, basi baada ya alasiri itabidi watafute njia nyingine ya kisheria, maana zipo, na ndoa itapita.

Njia nyingine Zuhura hakuitaka. Alituma neno kutoka ndani: "Baba'angu yu hai. Sitaki kuozeshwa kama yatima."

Baba yake mdogo, Haji, alikuwa amejiandaa kwa hilo. Alileta laptop mpya kutoka Dar es Salaam, nyembamba, ya kioo kikubwa, ili Khamis aonekane na kila mtu sebuleni. Nyumba ilikuwa na intaneti ya waya tangu zamani. Ruta ilikaa stoo ya uani, na waya ulitoka huko ukapita ndani mpaka kwenye soketi ya ukutani sebuleni. Wakachomeka. Kimya. Wakaita vijana wawili wa kampuni ya intaneti, wakahangaika tangu asubuhi, na waliporudi kutoka swala ya Ijumaa wakatoa hukumu: laptop mpya ni mbovu. Ndipo Haji akaja kwangu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Haji. Mbona umevaa koti na jasho?"

"Dada, chukua mfuko wako. Mtoto hali, analia."

Niliwakuta vijana wale barazani, wamechoka. Waliniamkia vizuri. Nikawauliza swali la Fundi Mkuu: wamegusa nini? Mkubwa wao akaeleza bila kuficha. Laptop hizi nyembamba hazina tundu la waya, kwa hiyo wametumia kiunganishi kidogo kinachochomekwa ubavuni. Wamebadilisha kamba fupi ya kutoka soketi hadi kwenye kiunganishi. Taa haikuwaka. Wakaingia kwenye mipangilio ya laptop wakaiandikia anwani kwa mkono, wakidhani inashindwa kupewa. Taa ikabaki vilevile.

"Na ruta mmeiona?"

"Hapana, mama. Tumeambiwa taa zake zinawaka. Huko ndani hatuwezi kuingia."

Hawakuweza kweli. Kati ya sebule na uani kuna chumba kimoja kikubwa, na ndimo Zuhura alimokuwa amewekwa ndani. Kwetu bi harusi akiwekwa ndani hukaa na somo wake, mama anayemfunda na kumsinga, na mwanamume hapiti hapo, awe fundi au waziri. Wale vijana walikuwa wamepima kila kitu walichoweza kukifikia na hawakukosea kupima. Waya ulikuwa na ncha mbili, nao wakaruhusiwa moja.

Nilipiga hodi kwenye pazia. Somo, Bi Rehema, alilifunua akaniona na mfuko wangu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, akanivuta mkono. Chumba kilinukia udi na asumini. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa mpya. Zuhura alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono ina hina, na mbele yake sahani ya wali haijaguswa.

"Bibi, itafanya kazi?" akaniuliza.

"Sijui bado," nikamwambia, maana fundi haahidi kabla ya kupima. "Nitajua nikifika nusu."

Nilibeba laptop na kiunganishi chake mpaka stoo, nikavichomeka kwenye ruta yenyewe kwa kamba fupi ya wale vijana. Taa ya kijani ikawaka hapo hapo. Kwa hiyo laptop nzima, kiunganishi kizima, kamba nzima. Lakini intaneti haikufunguka. Hapo nikamkumbuka mzee wangu wa Pangani. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaifuta anwani ile iliyoandikwa kwa mkono, nikaiambia laptop iombe yenyewe. Ruta ikaipa namba, na dunia ikafunguka. Kosa la pili lilikuwa limetangulia kupatikana. La kwanza likabaki.

Mngeweza kuuliza, kwa nini tusifungie ndoa hapo stoo? Haji aliuliza pia kutoka nyuma ya pazia. Somo akamjibu kwamba akitaka kumpitisha Shehe na wazee wote katikati ya chumba cha mwali, basi aanze kwa kupita juu ya maiti yake. Haji hakuuliza tena.

Nusu nzima nikaiacha, laptop na kamba nikawarudishia vijana kupitia pazia. Sasa ni waya ule mrefu wa ndani. Nilipiga magoti nikaufuata kwa vidole kutoka mlango wa uani. Wapaka chokaa walikuwa wameung'oa misumarini ili ukuta upakike vizuri, wakauacha chini, na akina mama wakatandika mkeka juu yake. Niliupapasa chini ya ukindu, laini, laini, mpaka nikafika penye donge gumu. Nikainua mkeka. Ganda la waya lilikuwa limeyeyuka, nyuzi zimegandamana, na kando yake palikuwa na duara jeusi kwenye sakafu.

Somo alilitazama lile duara, kisha akakitazama chetezo kilichokuwa pembeni, kile cha udongo wa kufukizia nguo. Siku nzima ya Alhamisi walikuwa wamefukiza nguo za bi harusi, makaa yakiwaka chini ya tenga, hapo hapo.

"Nilikunja mkeka ili usiungue," alisema polepole. "Waya sikuuona, Bi Tatu. Umefanana na sakafu."

"Ungeuonaje? Chokaa imeudondokea wote."

Zuhura alicheka, kicheko kidogo kilichochanganyika na kamasi, na mimi nikafurahi kukisikia. Nikakata pale palipoungua. Nikamenya ncha mbili, nikalinganisha rangi kwa rangi, chungwa kwa chungwa, kijani kwa kijani, nikiacha kila jozi na msokoto wake mpaka karibu na kibanio, maana ukiifumua sana ishara huvuruga. Vidole vyangu si vile vya zamani. Uzi wa kahawia ulinitoroka, nikaurudia, ukanitoroka tena. Kutoka sebuleni nikamsikia Shehe akisema kwa upole, "Bi Tatu, alasiri inaadhiniwa." Nikamjibu kwamba nimemsikia yeye na mwadhini.

Walipotoka msikitini nilikuwa nimemaliza. Nikawapigia wale vijana kelele kupitia pazia: chomekeni. Mkubwa wao akasema, "Mama, taa imewaka." Alisema kwa furaha ya kweli, si ya kunipamba, na tangu siku hiyo ananipitia kuniuliza habari za nyaya za zamani.

Maungio yangu yalikuwa ya dharura, wazi sakafuni, katikati ya chumba chenye wanawake wanaopita na sinia. Kwa hiyo nilikaa hapo mkekani, mkono nimeuweka juu yake nikiyalinda. Wanaume wakajaa sebuleni. Pazia tu ndilo lililotutenga. Sauti ya Khamis ikaingia, nzima, nzito, kama alivyokuwa akiita watu barazani zamani. Shehe akamuuliza jina lake na la baba yake, kwa taratibu, ingawa alimjua. Kisha Khamis akatamka:

"Nimekuwakilisha wewe, Shehe, umuozeshe binti yangu Zuhura kwa Salim bin Nassor."

"Nimeupokea uwakala," Shehe akasema.

Hakuna neno lililokatika. Mashahidi wakaja kwenye pazia kumwuliza Zuhura kama ameridhia, akajibu kwa sauti ya kusikika. Ndoa ikafungwa, vigelegele vikapasua nyumba, na watu wakaanza kusogea kwenye pilau.

Ndipo Khamis akasema kutoka kwenye kioo, "Haji, nisogeze kwa mwanangu."

Haji akaibeba laptop mpaka kamba ilipokomea, na ilikomea pale pale kwenye pazia. Somo akalifunua kidogo. Zuhura alikuwa amekaa karibu nami, goti lake likigusa mkono wangu uliolinda maungio. Kwa miaka yote ya kazi, hapo ndipo nilipokuwa nairudisha swichi. Wameshasalimiana, toka. Nilitazama huku na huku kama mjinga, natafuta pa kwenda. Nikiinuka, mtu angeyakanyaga maungio.

"Zuhura," alisema Khamis, na sauti yake haikuwa tena ile ya mbele ya mashahidi. "Umekula?"

Zuhura akaitazama sahani ya wali. "Nimekula, baba."

"Uongo," akasema Khamis. "Kula nikuone."

Akala. Alichota kwa vidole vyenye hina, akameza huku machozi yakimchuruzika, na baba yake kule hospitalini Maskati akawa anahesabu matonge kwa sauti kama anavyohesabiwa mtoto mdogo. Mimi niliinamisha uso, mkono juu ya waya, nikalia pamoja nao.

Vijana huniuliza kama kazi yetu ilikuwa na thamani, ilivyokufa yote: swichibodi, nguzo za Miono, hata shaba yenyewe. Zamani nilikuwa nawajibu kwa mambo ya ufundi. Siku hizi nawaambia kwamba niliwakutanisha watu maisha yangu yote nikitoka kabla hawajasema jambo, na nilifikiri ninajua kazi yangu. Nilikuja kuijua nimestaafu, sakafuni, siku niliyokosa swichi ya kurudisha.